Arusha haikosi fedha, inakosa mifereji

Tangu nguzo za uwanja mpya wa mpira wa Olmoti zianze kuonekana kwa mbali, Arusha ina wimbo mmoja: 2027 uchumi unafunguka. Madalali wanauimba Muriet, wenye gesti wanauimba Kijenge, wanasiasa wanauimba popote penye kipaza sauti. Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yamepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, uwanja utabeba watazamaji 30,000, wageni watakuja, na wageni hawaji mikono mitupu. Hadi hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye hatua inayofuata, ile ambayo watu huiruka kana kwamba haihitaji maelezo: kwamba fedha zikishaingia, mji umetajirika. Mji huu umeingiwa na fedha nyingi za ghafla mara kadhaa ndani ya miaka 60, na sehemu kubwa ya fedha hizo iliondoka na walioileta.

Tumezoea kuita ukuaji neema na mtikisiko balaa. Ukiisoma historia ya Arusha na Moshi kwa utulivu, utaona vyote viwili vinafanya kazi ileile: vinahamisha mali, watu na ardhi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, haraka kuliko kawaida. Nchi itabaki na nini baada ya hapo haiamuliwi na ukubwa wa fedha wala ukali wa mtikisiko. Inaamuliwa na kama wenyeji walikuwa na chombo chao cha kupokea kile kilichokuja. Mlimani Kilimanjaro maji hushuka kila mwaka, lakini kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kinachonywa ni kile ambacho ukoo wake ulichimba mfereji, ukaweka zamu, na ukamtoza faini asiyekwenda kuusafisha. Maji mengine mengi huishia Mto Pangani.

Moshi ndiko kwenye mfano wa fedha zilizobaki. Reli kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1911, na kahawa ikapata njia ya baharini. Hayakuwa maendeleo ya amani. Ulikuwa ni utawala wa Wajerumani, kodi ya lazima, na ardhi ya tambarare ikigawiwa walowezi. Kisha vita, kisha bendera ya Waingereza. Walowezi hawakufurahia kumwona Mchaga analima kahawa yake, maana walimtaka awe kibarua kwenye mashamba yao. Wakulima wadogo wakajibu kwa kuunda chama mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Tangu hapo bei ilipopanda huko Ulaya, faida haikutua kwa mwenye shamba mmoja wa ekari elfu moja. Iligawanyika kwenye maelfu ya vihamba vya ekari moja au mbili, kupitia chama cha msingi ambacho mwenye kihamba alikuwa mwanachama wake, anamjua katibu kwa jina la ukoo na anaweza kumzomea mkutanoni. Ushuru wa kahawa ulisaidia kujenga shule, makanisa yakajenga nyingine, na ada zikalipwa msimu wa mavuno.

Nisieleweke kwamba KNCU ilikuwa peponi. Serikali ya kikoloni iliitumia kuwadhibiti wakulima, na mwaka 1937 kulizuka vurugu kwa sababu watu walilazimishwa kuuza kupitia chama. Baadhi ya maghala yalishambuliwa. Wanawake walichuma kahawa, wakaimenya na kuianika, lakini jina kwenye daftari la chama kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mwenye kihamba. Hata hivyo chombo kilikuwepo, na kikiwa na kasoro kinaweza kurekebishwa. Serikali ya Tanzania huru haikurekebisha. Mwaka 1976 ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi mazao kwa mamlaka za umma. Viliporudi katika miaka ya 1980 vilikuwa vimepoteza mali, wataalamu na, kibaya zaidi, mazoea ya wanachama kuwahoji viongozi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yakavunjika na bei ikaanguka, na chama kilichopaswa kumkinga mkulima kilikuwa chenyewe kinahitaji kukingwa. Mibuni ikazeeka, mingine ikang'olewa kupisha nyanya na ndizi. Leo Kagera, Ruvuma na Songwe zinaizidi Kilimanjaro kwa kahawa, mkoa ambao jina lake bado ndilo lililoandikwa kwenye pakiti nyingi za kahawa ya Tanzania.

Kwa hesabu ya zao, basi, Moshi ilishindwa. Kwa hesabu ya watu haikushindwa. Fedha za kahawa zilikuwa zimeshageuka walimu, wahasibu, manesi, mafundi na wafanyabiashara waliotawanyika nchi nzima. Msongamano wa magari kwenye barabara ya Segera hadi Himo kila Desemba, ambao wengine huufanyia utani, ni mfumo wa uchumi: mtu anarudi na fedha za kukarabati nyumba ya mama, kuchangia kanisa, kulipia ada ya mtoto wa kaka. Zao limedorora kwa zaidi ya miaka 30 na fedha bado zinapanda mlima.

Arusha ilipata fedha za aina nyingine. Novemba 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwashtaki waliohusika, na Februari 1995 ukaamua ikae Arusha. Ilikaa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, kwa miaka 20, ikafungulia mashtaka watu 93, na ikafungwa Desemba 31, 2015. Ni jambo gumu kulitamka, lakini mji huu ulinona kwa msiba wa majirani. Mishahara ilikuwa ya dola, kodi za nyumba Njiro zikawa za dola, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amepanga mtaa uleule akajikuta anashindana na mwanasheria wa kimataifa. Kazi zilikuwepo kweli: madereva, walinzi, wapishi, dada wa nyumbani, mafundi ujenzi. Lakini mkondo mkuu wa fedha zile ulikuwa kodi ya pango. Kodi ya pango humfikia mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kwa akili timamu kabisa, hujenga nyumba nyingine. Mahakama ilipofunga, wapangaji wakaondoka, na wenye nyumba za vyumba vitano zenye ukuta na chumba cha mlinzi wakabaki wakitafuta familia ya Arusha yenye uwezo wa kuzilipia.

Haki itendeke: mji haukubaki mtupu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa tangu 2007, chombo kilichorithi kesi za Rwanda kina majengo yake Lakilaki, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake. Ujuzi pia ulibaki, ila umebaki kwa mtu mmoja mmoja, dereva huyu na mkalimani yule, kila mmoja akijitafutia. Miaka 20 ya fedha za kimataifa katikati ya mji, na ukiuliza ni mfuko gani, chama gani au shule gani ya umma Arusha iliyojengwa kwa sababu yake, utapata majibu machache kuliko ukiuliza swali hilohilo kuhusu gunia la kahawa huko Machame.

Upande wa pili wa hoja yangu ni kwamba mtikisiko nao unaweza kuacha kitu. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya watalii wa Serengeti na Ngorongoro walianzia Nairobi, na fedha zao nyingi ziliishia Nairobi. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1971 lakini ilikuwa bado inatafuta ndege. Mpaka ulipofungwa, utalii wa kaskazini ulianguka vibaya. Hoteli zilikaa tupu, magari yakakosa vipuri. Ulikuwa ni uamuzi wenye maumivu na sidhani kama kuna mfanyabiashara wa zama zile atakayeusifu. Lakini ulilazimisha swali ambalo lilikuwa likikwepwa: je, Arusha ni kituo cha kupitia au ni mlango? Mwaka 1983, mwaka uleule mpaka ulipofunguliwa, kampuni za utalii ziliunda chama chao, TATO, hapahapa. Biashara huria ilipokuja miaka ya mwisho ya 1980 na 1990, kulikuwa na watu wenye leseni, wanaojua njia, wenye sauti moja mbele ya serikali. Utalii wa leo wa Arusha haukuzaliwa na kufungwa kwa mpaka. Ulizaliwa na watu waliojipanga wakati mpaka umefungwa.

Kuna wanaoutumia mfano wa namna hiyo vibaya. Wanasema nchi lazima itikisike mpaka kwenye msingi ndipo ijengeke upya; wanataja Ujerumani na Japani baada ya vita, wanaitaja Rwanda, na baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025, na intaneti kuzimwa kwa siku kadhaa, hoja hii imepata wasikilizaji wapya vijiweni. Ni hoja dhaifu kuliko zote. Ujerumani na Japani zilipoteza majengo, hazikupoteza mainjinia, mafundi, mabenki wala watumishi wanaojua kuendesha ofisi. Vyombo vilikuwepo, ndiyo maana misaada ilipokuja ilipata pa kupita. Na hatuhitaji kwenda mbali. Tanzania ilitikiswa mfululizo kati ya 1977 na 1984: Jumuiya imevunjika, vita ya Kagera, mafuta yamepanda bei, ushirika umeshavunjwa. Kilichofuata hakikuwa kujengeka upya. Zilifuata foleni za sabuni na sukari, magendo ya Holili na Tarakea, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu wa Monduli, ambao uliwakumba walanguzi wakubwa na pia mama mwenye mifuko miwili ya unga chini ya kitanda. Miaka mitatu baadaye tukatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na viwanda ambavyo Arusha ilijivunia, kama Kiltex, mwishowe vikafunga milango.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulitupa kipimo kingine, na hiki wengi bado wanakikumbuka mwilini. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Wagumu, yaani wapagazi wa mlima, waongoza watalii, wapishi wa kambi na wauza vinyago wote walipigwa kwa pamoja, lakini hawakuumia sawa. Mgumu mwenye kihamba Marangu au Kibosho alirudi kwenye migomba. Aliyepanga chumba Ungalimited au Pasua, ambaye kila kitu hadi maji ananunua, alihesabu siku. Wote wawili walikuwa na kazi moja na ujira mmoja katika miaka ya neema. Takwimu za utalii, zilizofika 2,141,895 mwaka 2024, haziwezi kukuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu zinahesabu wanaoshuka kwenye ndege.

Sasa turudi Olmoti. Wanaotetea matumaini wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Barabara zinazojengwa kwa sababu ya mashindano hazing'olewi mpira ukiisha. Bodaboda anayepata abiria mara tatu ya kawaida kwa mwezi mmoja anaweza kumaliza deni la pikipiki, na hilo ni badiliko la maisha. Mji nao umekua kwelikweli: sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ile ya 2022 ikahesabu 617,631, na watu hao wanahitaji uwanja, taa na mabomba hata kama wasingekuja wageni. Wapinzani nao hawajakosea wanapotaja Afrika Kusini, ambako uwanja wa Cape Town uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010 umekuwa mzigo wa matunzo kwa jiji. Arusha haina klabu inayojaza viti 30,000 kila wiki mbili, na mtu yeyote anayefuatilia ligi anajua hilo.

Wapo pia wanaosema serikali imeshalinda wenyeji: Machi 2025 ilikataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na Julai mwaka huohuo ikakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo, ikiwemo kuongoza watalii. Naunga mkono ile ya kwanza bila kusita. Kodi ya nyumba kwa dola ilikuwa kichekesho kilichotuchekesha sisi wenyewe. Ile ya pili inafunga mlango mmoja tu. Kumzuia Mkenya au Mchina kuuza kitu hakumpi kijana wa Sombetini mtaji, mafunzo wala chama cha kumsemea, na majirani wetu nao wana milango ya kufunga.

Lakini hoja inayosikika kuliko zote mitaani ni ya viwanja: kwamba bei ya ardhi ikipanda, sisi sote tumepanda. Jirani yangu amevunja banda la ng'ombe ili ajenge vyumba vya wageni. Ng'ombe wale walikuwa wanatoa maziwa kila siku, mashindano yakiwepo na yasipokuwepo. Simlaumu, kila ishara anayopewa inamwambia afanye hivyo. Ila tuhesabu. Kiwanja kilichopanda bei mara tatu hakijaongeza gunia la mahindi wala kiti cha darasa. Kimempa anayeuza fedha ambazo kijana anayenunua atazilipa kwa miaka mingi, na kimepandisha kodi ya fremu, kwa hiyo bei ya chapati, kwa hiyo nauli ya maisha ya mtu ambaye hana kiwanja. Anayeuza ekari ya urithi Moshono au Olmoti anapokea mara moja. Baada ya miaka mitano watoto wake ni wapangaji kwenye mji ambao babu yao alilima. Tukiita hali hiyo ukuaji, basi tuseme pia ni ukuaji wa nani.

Na jiji lenyewe halivuni kitu cha maana kutokana na kupanda huko. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida, bila kujali thamani ya kiwanja imepanda kiasi gani kwa sababu ya barabara na uwanja uliojengwa kwa fedha za walipa kodi wote. Kwa maneno mengine, umma unalipia thamani na watu wachache wanaivuna. Sisemi aliyejenga nyumba ya bati Olmoti abebeshwe kodi mpya. Nasema mwenye viwanja 20 vilivyokaa wazi akisubiri bei ana sababu zote za kuendelea kusubiri.

Mifereji inayoweza kuchimbwa kabla ya wageni kufika haihitaji sheria mpya. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Hadi sasa imekuwa ikigawanywa kwa vikundi vidogo vinavyouza bidhaa zilezile kwa wateja walewale. Inaweza kuelekezwa kwa vikundi vinavyopewa mkataba halisi: mboga za Tengeru na maziwa ya Meru kwenye jiko la hoteli zitakazopokea timu, ufuaji, usafiri, ulinzi. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, kilomita 80 tu, kimefundisha watu wa ushirika tangu kilipokuwa chuo kidogo mwaka 1963; sijui ni kwa nini jiji linalojiandaa kupokea fedha za ghafla halijakaa nacho meza moja hadharani. Maeneo ya biashara kuzunguka uwanja yanaweza kukodishwa kwa vyama vya wafanyabiashara wadogo kwa miaka kumi, badala ya kugawiwa kwa msimu na mtu mwenye simu ya diwani. Wenye ardhi wanaweza kusaidiwa kupangisha kwa muda mrefu badala ya kuuza, jambo ambalo leo linahitaji mwanasheria ambaye mzee wa Olmoti hana.

Yote haya yanaonekana kwenye karatasi moja, ambayo ni bajeti ya jiji ya mwaka wa fedha 2026/27. Mwaka huo unaisha Juni 2027, kwa hiyo ndiyo bajeti inayotangulia mashindano. Ukiisoma, ruka ukurasa wa matarajio ya wageni na uende moja kwa moja kwenye zabuni na mikopo, uone majina ya watakaolipwa: kama ni vikundi vyenye wanachama, au ni kampuni tatu zenye sanduku moja la posta.